Nilivyochuja vumbi la chumba cha kushonea kwa nyuzi za mgomba

Nashona kanzu Kawempe, jijini Kampala, katika chumba ambacho dirisha lake linatazama barabara ya udongo mwekundu. Kila kiangazi vumbi linalotimuliwa na bodaboda lilitua juu ya vitambaa vyeupe kabla sijamaliza kutia darizi shingoni. Kanzu hufuliwa ikatakata, kilichoninyima usingizi ni mpwa wangu, ambaye kila jioni aliniambia, "Mjomba, kifua kinanibana."

Mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa na shina huachwa lioze, kwa hiyo jirani mwenye shamba la matoke alinipa mashina matatu bila malipo, nitengenezee kichujio cha dirisha. Nilibandua magamba yake moja baada ya jingine, nikayakwangua juu ya ubao kwa mgongo wa kisu hadi maji yote yakatoka na kubaki nyuzi nyembamba zinazong'aa. Kwa haraka niliyokuwa nayo, nilizibana kati ya nyavu mbili za waya zikiwa bado na unyevu, na baada ya siku chache zikaota ukungu mweusi. Niliziondoa zote, maana kichujio chenye ukungu hudhuru mapafu kuliko dirisha lisilo na kitu.

Mara ya pili nilizianika juu ya bati mpaka zikakauka kabisa, nikazipanga tabaka jepesi, nyingine wima na nyingine mlalo, kwa kuwa tabaka zito huizuia feni ya dirishani kuvuta hewa. Nyuma yake niliweka vifuko vya mkaa wa magunzi ya mahindi, niliouchoma ndani ya debe lililofunikwa, kwa sababu gunzi likipata hewa nyingi hugeuka majivu. Nyuzi hushika vumbi, na mkaa, wenye vitundu vingi mno, hupunguza harufu ya moshi.

Nilitundika kipande cha kitambaa cheupe nyuma ya kichujio na kingine mlangoni. Baada ya wiki moja cha mlangoni kilikuwa chekundu kama tofali, na cha dirishani kilikuwa na weusi kidogo tu pembeni.

Hata hivyo, kitambaa hakionyeshi chembe zilizo chini ya mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambazo hufika ndani kabisa ya mapafu na ambazo nyuzi hizi hazizinasi vya kutosha. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa mwaka wa chembe hizo hewani usiozidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo, na vipimo vya AirQo, mradi wa kupima hewa wa Chuo Kikuu cha Makerere, vinaonyesha kwamba Kampala hupita kiwango hicho mara kadhaa. Tena mkaa haunasi monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua, na mimi nilikuwa nikipiga pasi ya mkaa humo humo ndani.

Pasi sasa naitumia barazani. Nyuzi nazibadilisha kila baada ya wiki tatu, na mpwa wangu huzirudisha zile chakavu kwa jirani, azitandaze chini ya migomba.