Miaka iliyoliwa na nzige: kwa nini Yoeli anasema "kulipa"

Yoeli 2:25 ni mstari unaopendwa sana, na mara nyingi husomwa ukiwa umekatwa shina: "Nami nitawarudishia hiyo miaka iliyoliwa na nzige." Ukisomwa peke yake unabaki maneno matamu tu. Uzito wake unaonekana pale msomaji anaporudi sura ya 1 na kuhesabu kilichopotea, kwa sababu nabii mwenyewe alihesabu.

Hesabu iko katika 1:10, vitu vitatu kwa mfuatano: nafaka, divai mpya, mafuta. Hivyo vitatu havikuwa chakula tu. Kitabu cha Hesabu, sura ya 28, kinaagiza mwana-kondoo mmoja asubuhi na mwingine jioni, kila siku, na kila mmoja aende na sehemu ya kumi ya efa ya unga, robo ya hini ya mafuta ya kuuchanganya, na robo ya hini ya divai ya kumimina. Kwa vipimo vya leo unga huo ni lita 2 hivi, na mafuta hayafiki lita 1. Ni kiasi kidogo mno, na hata hicho hakikupatikana: 1:9 inasema sadaka ya unga na sadaka ya kinywaji zimekatika katika nyumba ya Bwana. Shamba likifa, madhabahu nayo inakaa tupu. Ndiyo maana katika sura hii makuhani wanaomboleza kabla wakulima hawajatajwa.

Wadudu wenyewe wana majina manne, na Biblia ya Kiswahili imejitahidi kuyatafutia manne: tunutu, nzige, parare, madumadu. Kiebrania ni gazamu, arbe, yeleki, hasili. Wengi hufundisha kwamba ni hatua nne za ukuaji wa nzige mmoja. Mimi sioni kama inasimama. Katika 1:4 gazamu anaanza. Katika 2:25 gazamu huyo huyo ni wa mwisho. Hatua za ukuaji hazigeuki namna hiyo, na isitoshe nzige wa jangwani hujivua ngozi mara tano kabla ya kuruka. Nadhani Yoeli anarundika majina ili msikilizaji ahisi wimbi juu ya wimbi: kilichosazwa na huyu kinaliwa na yule, mpaka hakuna cha kusaza.

Halafu tazama 1:7 kwa karibu: mtini umebambuliwa gome, matawi yake yamekuwa meupe. Hiyo si chumvi ya mshairi. Nzige wakimaliza majani huingia kwenye gome. Nzige walipoivamia Yerusalemu mwaka 1915, mtini ulipigwa picha ukiwa na majani, kisha ukapigwa tena ukiwa umebaki fito tupu. Mti uliochunwa hivyo hauponi kwa mvua moja. Na 1:17 inaongeza kwamba mbegu zimeoza chini ya madongoa na ghala zimebomoka, maana yake hata cha kupanda mwakani hakipo. Hapo ndipo neno "miaka", kwa wingi, linapoeleweka. Nzige huondoka baada ya majuma, hasara inabaki.

Toba inaitwa kwa sauti ileile ya hatari. "Pigeni tarumbeta katika Sayuni" iko 2:1 kama king'ora cha vita, na iko 2:15 kama mwito wa kufunga. Wanaitwa wazee, watoto, hata wanyonyao. Bwana arusi atoke chumbani mwake. Kumbukumbu la Torati 24:5 ilimwachilia mume mpya asiende vitani mwaka mzima. Kwa Yoeli hata yeye hasazwi. Jambo la kushangaza ni kwamba kitabu hakitaji dhambi yoyote mahususi ya Yuda, tofauti kabisa na Hosea au Amosi. Kinachodaiwa ni kurudi. Kitenzi cha Kiebrania shuvu, yaani kurudi, kinapigwa mara tatu mfululizo: nirudieni (2:12), mkamrudie (2:13), na katika 2:14 anayeweza kurudi ni Mungu mwenyewe: "Nani ajuaye?"

Hapo 2:14 wasomaji hupita haraka. Baraka wanayoitumaini ni ipi? Sadaka ya unga na sadaka ya kinywaji. Watu wenye njaa wanaomba kwanza wapate cha kumtolea Mungu.

Kisha 2:18, bila kusimulia kama mfungo ulifanyika, mambo yanageuka: Bwana akaionea wivu nchi yake, akawahurumia watu wake. Kuanzia hapo hasara zinafutwa moja moja. Nafaka, divai na mafuta vinarudi katika 2:19 kwa mfuatano uleule. Wanyama waliougua katika 1:18 wanaambiwa wasiogope. Malisho yaliyoungua yanachipuka. Mtini na mzabibu vinatoa nguvu zake. Sakafu za kupuria zinajaa.

Neno la Kiebrania katika 2:25 ni shilamti, yaani "nitalipa". Kiswahili "nitawarudishia" hakikosei, ila kinaficha mahali neno linapotoka. Kitenzi hicho ndicho cha kitabu cha Kutoka, sura ya 22, katika sheria za fidia: mtu akiacha mnyama wake ale shamba la mwenzake, atalipa kwa vilivyo bora vya shamba lake, aliyewasha moto ukateketeza miganda, sharti alipe. Ni lugha ya mwenye mifugo mbele ya mwenye shamba lililoliwa. Na mstari unamalizika kwa Mungu kuwaita nzige hao "jeshi langu kubwa nililotuma kati yenu". Hakuwakana. Aliyewatuma ndiye anayesema atalipa.