Mizani tatu, klasi moja: nilivyopanga mfumo wa mashine ya mpunga Igurusi

Kwenye mashine ya mpunga ninayoihudumia Igurusi kulikuwa na mizani mbili za kidijitali. Moja iko ghalani, hapo mkulima anapopimiwa magunia yake. Nyingine iko getini, ya magari. Zote zinatuma uzito kwenye kompyuta kwa waya wa siriali, ila kila moja na lugha yake: ya ghalani ni baudi (kasi ya kutuma) 9600, biti 8 kwa kila herufi, bila pariti (biti ya kukagua makosa); ya getini ni baudi 2400, biti 7, pariti shufwa. Ukizichanganya, skrini inajaa alama za ajabu. Dada anayepima aliwahi kunipigia simu: "Kaka, leo mizani inaandika Kichina."

Mfumo niliukuta na klasi moja (kipande cha programu chenye kazi yake) ya kusomea mizani, ndani yake masharti yamejazana: kama ni geti fanya hivi, kama ni ghala fanya vile. Mzee mwenye mashine aliposema anataka na mizani ya tatu, ya mchele uliokwisha kukobolewa, nikaamua kuyang'oa yote. Sasa klasi hiyo haijui iko getini wala ghalani. Inaletewa mipangilio yake kupitia konstrakta, yaani sehemu inayoiandaa inapotengenezwa: poti, baudi, biti, pariti na kizio cha uzito. Ndiyo maana ya kudunga tegemezi: klasi haiendi kutafuta inachohitaji, inaletewa. Thamani zenyewe zinakaa kwenye faili la mipangilio, appsettings.json, kila mizani na sehemu yake.

Kichwa kiliniuma kwenye konteina, yaani sehemu inayotengeneza vitu vilivyosajiliwa na kuvipeleka kwa klasi inayovihitaji. Natumia .NET, jukwaa la kuandikia programu la Microsoft, na konteina yake ukiisajilia aina ileile mara mbili hailalamiki. Ukiomba moja, inakupa iliyosajiliwa mwisho. Yaani stakabadhi ya mkulima ingeweza kuchukua uzito wa lori, na hakuna kosa lolote litakaloonekana. Dawa yake ni funguo. Tangu .NET 8, iliyotoka Novemba 2023, unasajili kwa AddKeyedSingleton ukitaja "ghala" au "geti", kisha klasi ya stakabadhi inaweka FromKeyedServices kwenye konstrakta na kutaja ufunguo inaoutaka. Kabla ya hapo wengine walihamia Autofac, konteina nyingine, kwa ajili ya jambo hili tu.

Funguo nimeziandika kama konstanti (thamani zisizobadilika) mahali pamoja. Ukiandika "Geti" kwa herufi kubwa, kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu, inapita bila neno, halafu programu inakuangukia wakati foleni ya wakulima iko mlangoni. Singletoni, yaani msomaji mmoja tu kwa programu nzima, nayo nimeichagua makusudi: poti ya siriali hufunguliwa na mmoja, na ukitengeneza msomaji mpya kwa kila ombi, wa pili Windows inamkatalia.

Hapa kuna jambo ambalo naona wengi hulichanganya. Mizani ya getini hupima gari mara mbili, likiwa limejaa na likiwa tupu, ndipo tunatoa. Huo si mpangilio, ni kazi nyingine kabisa, kwa hiyo nimeipa klasi yake inayodungiwa msomaji wa "geti". Ukitaka kila tofauti iwe mpangilio, utajikuta umeyarudisha yale masharti, safari hii yamejificha kwenye faili la json.

Kupima msimbo nako kumekuwa rahisi. Nikiwa zangu Soweto, Mbeya mjini, nasajili mizani bandia kwenye ufunguo uleule. Inasoma faili la mistari niliyoirekodi kutoka mizani halisi, na sehemu nyingine zote za mfumo hazijui kama hakuna lori.

Mizani ya mchele ilipofika, niliongeza sehemu moja kwenye faili na mstari mmoja wa usajili. Kilichotuchelewesha ni adapta ya USB, maana kompyuta ile haina poti ya siriali ya tatu. Ukiichomeka tundu hili Windows inaiita poti COM7, ukihamishia tundu la pili inakuwa COM8. Dada wa mizani nimemwonyesha namba ya kubadilisha kwenye faili, na tangu hapo hilo halinifikii.