Bajeti ya elimu huanzia kwenye rejesta

Kwa miaka mingi nilikuwa afisa elimu wa takwimu na vifaa katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa, Tanzania. Walimu wakuu waliniita Mama Takwimu, na tangu nistaafu majirani huniuliza kwa nini Afisa Elimu na Mkurugenzi wa halmashauri hawaipi shule yetu fedha za kutosha, kana kwamba wawili hao hukaa na kugawa fungu wapendavyo.

Sehemu kubwa ya bajeti ya elimu huifikia wilaya ikiwa imeshafungwa. Mishahara ya walimu inalipwa na Hazina kwa kufuata ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa. Miradi mikubwa huja na masharti yake. Mwaka 2021, kwa mfano, fedha za UVIKO-19 zilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, kila moja kwa shilingi milioni 20, na halmashauri haikuwa na ruhusa ya kuamua kununua kitu kingine. Matumizi mengineyo, yale ya uendeshaji yasiyo mishahara, nayo yana ukomo. Wilaya inabaki na mambo mawili ya kuyasimamia kwa nguvu zake zote: idadi ya wanafunzi na mapato ya ndani.

Idadi kwanza, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kuiba hata senti. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kiwango kilichowekwa wakati wa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, utaratibu ukawa kwamba 4,000 zinabaki serikalini kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zinakwenda kwenye akaunti ya shule mwezi hadi mwezi. Yaani shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, vifaa vya michezo, ukarabati na mambo ya ofisi. Kwa bei za leo ni kidogo mno, na nitaendelea kulisema hilo popote nitakapopewa nafasi.

Chukua shule yenye watoto 900. Inapata 450,000 kwa mwezi. Januari wanaandikishwa darasa la kwanza wengi kuliko waliohitimu, shule inafika 1,050. Takwimu mpya zisipopokelewa na kuingizwa, shule itaendelea kulipwa kwa watoto 900. Inapungukiwa 75,000 kila mwezi, na ikifika Juni imeshapoteza ruzuku ya mwezi mzima. Ndiyo maana nilikuwa nawapigia simu waratibu elimu kata hadi wakachoka: “Mwalimu, rejesta imefungwa? Waliohama umewaondoa?” Kuwaondoa ni muhimu sawasawa na kuwaongeza. Mwaka 2016 Serikali iliagiza uhakiki wa wanafunzi hewa, na mwalimu mkuu ambaye rejesta yake ilikuwa safi hakuwa na la kuhofia.

Mapato ya ndani ndiyo yanayoleta mvutano. Kwetu ni ushuru wa pamba, samaki, minada ya ng'ombe, leseni. Asilimia 10 ni ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hiyo haiguswi. Kwenye fungu la maendeleo elimu inagombea na zahanati na barabara, na inachoomba karibu kila mwaka ni fedha za kumalizia maboma. Wananchi wamechangishana, wamepandisha ukuta hadi kwenye linta, sasa wanasubiri halmashauri ipaue. Kila diwani ana boma lake, na ana haki ya kulisemea.

Nakumbuka mwaka ambao fedha zilitosha kupaua maboma machache tu. Pendekezo mezani lilikuwa kila kata ipate kidogo. Afisa Elimu alikataa. Alisimama mbele ya kamati akasema, “Waheshimiwa, nikiwapa wote mabati nusu, Julai ijayo hakuna darasa hata moja litakalokuwa na paa.” Akaweka orodha: mahitaji ni chumba kimoja kwa wanafunzi 45, na hizi hapa shule ambako zaidi ya wanafunzi 150 husomea chumba kimoja. Wakabishana hadi jioni. Orodha ikapita. Diwani mmoja ambaye kata yake haikupata alinifuata nje akaniomba nakala, awaonyeshe wananchi wake sababu. Kwangu huo ndio uongozi wa bajeti.

Vikao vingine ni ngazi za kawaida: menejimenti, kamati, Baraza la Madiwani, mkoa, TAMISEMI (ofisi inayosimamia halmashauri), kisha Bunge. Mipango ya shule huingizwa PlanRep, na matumizi yake hutolewa hesabu kwenye FFARS, mifumo ya kompyuta iliyozinduliwa 2017. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na kazi ya Afisa Elimu hugeuka kuwa ya ufuatiliaji: makusanyo ya pamba yakishuka, mabati yanasogezwa robo inayofuata, na shule lazima iambiwe mapema kabla fundi hajalipwa kianzio.

Wewe mzazi, mpango wa shule unapita kwenye kamati ya shule kabla haujafika wilayani, na mapato na matumizi yanatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Pita uusome. Kisha muulize mwalimu mkuu idadi ya watoto aliyoipeleka wilayani Januari.