Festo Kivengere, mlokole wa baiskeli

Watu wengi wanamjua Festo Kivengere, askofu wa Anglikana wa Uganda, kwa kitu kimoja tu, kile kitabu chake cha 1977 kinachoitwa I Love Idi Amin, na wengi hawajakisoma, wanaishia kwenye jina na kusema huyu mzee wa watu dini ilimzidi. Mi nasema usianzie kwa Amin, anzia kwenye baiskeli.

Alizaliwa 1919 Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, kwenye ukoo wa watawala, akachunga ng'ombe weee halafu akaenda shule na kuja kuwa mwalimu. Wakati huo uamsho wa Kikristo, ule wa walokole, ulishawaka jirani, Gahini Rwanda, kwenye hospitali ya misheni alipokuwa daktari Mwingereza Joe Church, ambaye 1929 alikutana Namirembe, Kampala, na Mganda Simeoni Nsibambi wakasoma Biblia na kuomba pamoja, na moto wenyewe ukafika Kabale miaka ya 1930. Walokole walikuwa kero jamani. Mtu anasimama mbele za watu anataja alichoiba, anarudisha, anakufuata na wewe anakuuliza habari za roho yako. Festo alikuwa hawataki hata kuwasikia, yeye na pombe yake.

Sasa 1941 siku moja anarudi zake kutoka kunywa, akakutana na rafiki yake mwalimu mwenzake anakuja mbio na baiskeli, uso unang'aa, anamwambia nimeokoka sasa hivi, naomba unisamehe kwa mambo yale na yale tuliyopanga. Basi. Hakuna mahubiri hapo. Festo akaenda nyumbani amevurugwa kabisa, na akaokoka siku hiyohiyo.

Na kilichofuata ndicho kinachonifanya nimpende huyu mzee. Kulikuwa na mmisionari mmoja Mzungu ambaye Festo alimchukia kweli kweli, chuki ya mtu mweusi aliyedharauliwa kwao, ile ambayo mi siwezi kumlaumu nayo hata kidogo. Akapanda baiskeli, kilomita kama 80, na barabara za Kigezi zilivyo milima kwa milima, akaenda kumwambia nilikuwa nakuchukia, nisamehe, sasa wewe ni ndugu yangu. Wakalia wote wawili. Mwenyewe alikuwa akisimulia pia jinsi alivyogombana na mkewe Mera halafu anatoka kwenda kuhubiri, Roho akamwambia rudi ukaombe na mkeo kwanza, akajibu nitahubiri kwanza, akaambiwa haya nenda wewe kahubiri, mimi nabaki na mkeo. Alirudi mbio!

Kipande chetu Watanzania kinasahaulika sana. Kuanzia katikati ya miaka ya 1940 mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa Dodoma, anafundisha Alliance, ile shule iliyokuja kuitwa Mazengo na leo pale ni chuo kikuu cha St John's. Na Billy Graham alipokuja Tanganyika 1960 aliyekuwa anamtafsiria kwa Kiswahili ni huyuhuyu Kivengere. Mtu wa Kigezi anatafsiri kwa Kiswahili cha Dodoma, hapo raha tupu.

Alikuja kuwa askofu wa Kigezi 1972, yaani Amin ameshakaa madarakani. Februari 1973 watu watatu waliletwa uwanjani Kabale kupigwa risasi hadharani, wananchi wamekusanywa watazame. Festo akaruhusiwa kusogea aseme nao, akawa hajui atawaambia nini, kumbe mmoja akamuwahi, akamshukuru kwa kuja na kumwambia kwamba alimpokea Yesu akiwa mahabusu, amwambie mkewe asihangaike. Aliyekwenda kufariji ndiye aliyefarijiwa.

Halafu Februari 1977. Maaskofu walishamwandikia Amin barua kulalamikia mauaji, tarehe 16 wakaitwa Kampala, wenzake wakaruhusiwa kuondoka ila askofu mkuu Janani Luwum akabakizwa, akauawa, na serikali ikatangaza ati amekufa kwa ajali ya gari. Siku chache baadaye Festo na Mera wakavuka milima usiku kwa miguu hadi Rwanda. Ndipo Ijumaa Kuu akiwa London kanisani akagundua amebeba chuki ya Amin moyoni, na akaanza kuishughulikia vilevile kama alivyoshughulikia ile ya yule mmisionari Mzungu, isipokuwa safari hii hapakuwa na pa kwenda na baiskeli. Kitabu kilitoka humo. Na kumpenda Amin hakukumfanya anyamaze, alizunguka dunia akisema yanayotendeka Uganda na kuchangisha kwa ajili ya wakimbizi, wanafunzi hasa. Kuna wanaohubiri msamaha ili watu wanyamaze, huyu hakuwa huko.

Uamsho wenyewe nao una madoa yake, tusidanganyane. Ndugu wengine waligeuka polisi wa nywele na nguo za wenzao, na Uganda likazuka kundi lililojiona limeamka upya, wengine wote wamelala. Festo hakuwa mtu wa hivyo. 1983 aliwawekea mikono wanawake watatu kuwa makasisi Kigezi, wakati Kanisa la Uingereza lenyewe lilisubiri mpaka 1994, na wapo walokole wenzake waliochukia.

Alifariki Nairobi Mei 1988 kwa saratani ya damu. Kwao Kabale kuna shule ya wasichana yenye jina lake. Huku Dodoma sijaona hata kibao, na waliokaa darasani kwake kama wapo ni wazee wa miaka themanini na zaidi, kwa hiyo kama babu yako alisoma Alliance miaka ile mwekee simu mbele arekodiwe, muulize tu mwalimu Festo alikuwaje akikasirika.