Corolla ya mama: kivuli cha herufi kwenye buti

Jumamosi ya kwanza

Corolla 110 ya mama imekaa juani hapa Tegeta miaka 14. Alikuwa akiendea nayo shuleni mpaka alipostaafu ualimu, na kwa kuwa nyumbani hatuna banda, gari limekuwa likishinda nje na kulala nje. Buti linatazama magharibi, hivyo jua lote la alasiri ni lake. Maandishi ya nyuma yalikuwa yamechakaa vibaya. Kushoto, neno "Corolla" lilikuwa limepoteza herufi tatu. Kulia, "SE-Saloon" ilikuwa imebanduka kromu yote ikabaki plastiki ya kijivu. Mama akaniambia, "Baba, ama uyaweke mazima, ama uyatoe kabisa." Mazima sikuyapata, nikayatoa.

Kutoa kwenyewe hakukunisumbua. Nilipuliza kwa draya ya nywele mpaka bati likawa na moto ambao kiganja kinauvumilia, kisha nikapitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma ya kila herufi, nikiuvuta huku na huku kama msumeno. Bisibisi na kisu nilivifungia ndani visije vikanitamanisha. Nembo ya katikati sikuigusa. Nyingi za namna ile zina vipini nyuma vinavyoingia kwenye matundu ya bati, na ukiing'oa unabaki na matundu ya kuziba kabla kutu haijaanza.

Gundi iliyobaki niliisugua kwa kidole gumba ikajikunja na kutoka, mabaki nikayamalizia kwa waiti spiriti kwenye kitambaa. Jirani alinisogezea chupa ya thina. Nilimshukuru, nikamrudishia. Thina inaweza kulainisha rangi, hasa ile iliyopigwa mtaani, na ukishaona kitambaa kinanata umechelewa.

Nikaosha, nikakausha, nikarudi nyuma hatua tatu. "Corolla" bado ilikuwa inasomeka, tena nzima, pamoja na zile herufi tatu zilizodondoka. Nyekundu nzito iliyoiva, katikati ya buti lililopaukia waridi.

Jumapili, siku ya pili yake

Leo nimekosea, na naandika kosa lenyewe ili mwingine asilirudie.

Nilidhani kivuli ni uchafu. Kwa sehemu ndivyo: pembeni ya kila herufi kulikuwa na mstari mwembamba mweusi wa vumbi na nta ya zamani. Mstari huo ulitoka kwa mswaki laini na maji ya sabuni, kisha udongo wa kusafishia rangi uliokandwa na kulowanishwa. Lakini kivuli hakikutoka. Nikachukua kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi ya gari, nikaanza kusugua juu ya herufi tu, kwa kidole, kwa bidii, karibu saa nzima. Kila nilivyosugua, "Corolla" ilizidi kung'aa. Mama alipotoka na chai akauliza, "Si ulisema unayatoa?"

Jumatano

Jioni nimempitia mzee mmoja fundi rangi ninayemwamini. Nikamwamkia, nikamwonyesha buti. Hakugusa maandishi. Alichukua kitambaa cheupe, akaweka kompaundi kidogo, akasugua pembeni kabisa, mahali pakavu pasipo na herufi yoyote. Kitambaa kikatoka chekundu. Akaenda kwenye boneti, ambayo ilipigwa rangi upya baada ya mama kugongwa mwaka 2015, akasugua vilevile. Kitambaa kikabaki cheupe.

"Boneti ina klia juu," akasema, yaani lile tabaka angavu linalopigwa juu ya rangi. "Buti halina. Hapa unagusa rangi yenyewe. Sasa kijana, wewe unahangaika na sehemu nzima, umeiacha iliyoumia."

Nimerudi nyumbani nikilifikiria hilo njia nzima. Chini ya herufi jua halikufika. Ile nyekundu nzito ndiyo rangi iliyotoka nayo kiwandani Japani, na buti lote lililobaki ndilo lililobadilika. Miale ya jua imeichosha rangi ya juu ikawa kama chaki, na nyekundu ni miongoni mwa rangi zinazopauka upesi. Siku ile nilikuwa naisugua sehemu pekee ambayo haikuwa na shida yoyote.

Kwenye gari lenye klia, kitambaa hakitoki na rangi, na kinachosuguliwa ni ile klia. Ikishaanza kubanduka kama ngozi iliyoungua, kompaundi haisaidii tena, ni kupiga rangi. Afadhali ujue gari lako ni la aina gani kabla hujanunua chochote.

Jumamosi ya pili

Nimegawa buti mara mbili kwa tepu ya karatasi, kushoto nifanye, kulia niache, ili macho yasinidanganye. Mzee amenikodisha mashine ya polishi na masharti mawili: isizidi mizunguko 1,200 kwa dakika, na kingo zote nizifunike kwa tepu. Kwenye kingo na mikunjo ya bati rangi huwa nyembamba, na sponji ikitulia hapo sekunde chache unaona praima, rangi ya chini kabisa. Rangi ya kiwandani, tabaka zote pamoja, kwa kawaida ni kama maikroni 100 hadi 150, na maikroni elfu moja ni milimita moja. Unywele wa mtu ni kama 70. Basi tabaka zote ni kama unene wa nywele mbili, na unachochezea ni lile la juu tu.

Nilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bati likiwa bado la baridi. Kompaundi ikikaukia kwenye bati la moto inaacha madoa mapya. Eneo la kama sentimita 40 kwa 40, mikono minne ya kwenda na kurudi, futa, tazama. Sponji ikawa nyekundu kama imechovywa kwenye juisi ya rozela, nikawa naiosha kila baada ya eneo moja. Kufikia saa tatu nilivua tepu.

Kushoto nyekundu, kulia waridi, na mpaka katikati kama umechorwa kwa rula. Upande wa kushoto nililitafuta neno "Corolla" na nililiona kwa shida. Nilikaa chini kwenye kigoda nikalitazama lile buti muda mrefu. Sikuwahi kuliona gari hili likiwa na rangi hii, maana lilipofika kwetu lilikuwa limeshaanza kupauka.

Mchana nilimaliza upande wa kulia, nikapitisha polishi laini, nikafunga kwa nta. Nta ni lazima. Rangi isiyo na klia ikiachwa wazi kwa jua na chumvi ya bahari inarudi kuwa chaki, na safari hii itakuwa nyembamba zaidi.

Jumamosi ya tatu

Hali ilivyo: saa sita mchana huoni kitu. Jua likiwa limelala, hasa jioni, ukichutama ukatazama kwa ubavu, unaona kingo za "C" na "S". Hiyo si rangi tena, ni kimo. Miaka ya jua, kuoshwa na kusuguliwa imelila buti taratibu na kuacha pale chini ya herufi pamenyanyuka kidogo mno. Msasa namba 3000 wa maji ungeweza kupasawazisha. Nimeushika, nimeulowanisha, nimeuweka. Sitaki kutoa rangi nzuri iliyobaki kwa ajili ya mstari unaoonekana ukichutama. Kupiga rangi buti lote niliambiwa 150,000, na hapo ningepoteza rangi ya kiwandani ambayo nimetoka kuipata.

Mama amelizunguka gari leo asubuhi. Amepitisha kiganja kwenye buti, akanyamaza, kisha akahamia mlango wa nyuma wa kushoto, akaulinganisha.

"Baba, na milango nayo?"

Nimeongea na mzee. Mashine nitaipata Jumamosi ijayo.