Klabu ya baada ya skuli: waanze na sabuni ya mwani

Klabu nyingi za vijana huanza kwa kuchagua mwenyekiti, na kazi ikaishia hapo. Sisi tunaona kinyume chake: kwanza kipatikane kitu cha kutengeneza na kuuza, vyeo vifuate kazi. Kwa skuli za pwani ya Zanzibar kama Paje na Jambiani, sabuni ya mwani inafaa mno. Mwani unalimwa huko kibiashara tangu 1989, na sehemu kubwa bado huuzwa mkavu, kwa bei ndogo.

Mambo ya wakati yamalizwe mapema. Jioni watoto wengi wana chuo (madrasa), kwa hivyo kaeni na walimu wa chuo kabla hamjapanga siku. Siku mbili kwa wiki zinatosha, na wasichana wafike nyumbani kabla ya magharibi. Mzee akishaingiwa na wasiwasi mara moja, kumrejesha mtoto klabu ni kazi.

Kipimo cha kuanzia: mafuta ya nazi gramu 1000, maji gramu 380, kostiki soda (kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) gramu 150, unga wa mwani gramu 25. Mafuta hayo yangeweza kumaliza kostiki gramu 183. Tunapunguza makusudi ili mafuta kidogo yabaki na sabuni isikaushe ngozi. Mizani isome gramu moja moja. Kupimia kikombe ndiko kunakoleta sabuni inayochoma. Kostiki hutiwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki, kwani hurukia usoni. Msitumie sufuria ya alumini, inaliwa. Glavu na miwani ni lazima, na hatua hii asimamie mwalimu mwenyewe. Ikimgusa mtu, maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15.

Maji hayo ya kostiki yakishachanganywa na mafuta na unga wa mwani, sabuni ya nazi hukaza upesi. Ukiiacha hadi kesho kwenye boksi kubwa, inapasuka ukiikata. Mimineni kwenye vikombe vidogo vya plastiki, mtapata vipande kama 14. Vikae wiki nne penye upepo.

Wiki hizo nne ndizo za uongozi, na hapa ndipo walimu wengi wanapoharibu. Fedha hukaa mfukoni mwa mwalimu, vijana wakabaki vibarua. Mweka hazina awe kijana, awe na daftari la kuingia na kutoka, na kila kikao mwengine ahesabu fedha mbele ya wenzake. Bei waitafute wao: jumlisha mafuta, kostiki, vikombe, karatasi na nauli, gawa kwa vipande vilivyouzika (si vilivyotengenezwa), ndipo uongeze faida. Nauli ndiyo husahauliwa kila mara.

Vyeo vizunguke kila mwezi. Bila hivyo kaka mkuu wa skuli atashika kila kitu, na wasichana watajikuta wakifagia tu. Anayetoka amkabidhi anayeingia kwa maandishi: kilichopo, kinachodaiwa, kilichoharibika na sababu yake. Kijana aliyezoea kuandika hivyo hatababaika akiulizwa kazi aliyofanya, iwe kwenye usaili au kituo cha mafunzo ya amali (ufundi) cha Mkokotoni au Vitongoji.

Kabla ya kupeleka sabuni madukani, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar aulizwe masharti ya vipodozi. Barua waandike vijana, na wawili kati yao waipeleke wenyewe, mmoja akiuliza na mwengine akiandika majibu.