Siku Moja Maishani Mwangu: Mota Asubuhi, Hitima ya Baba Jioni

Saa kumi na moja alfajiri

Mama ameniwahi. Nimemkuta uani, hapa Walukuba, mtaa wa mji wa Jinja, Uganda, ungo mapajani, anachambua mchele wa pilau kwenye taa ya mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akauliza, "Wa bwawani wanakuja wangapi?" Nyumbani kwetu kazini kwa Baba hakujawahi kuwa na jina jingine. Leo jioni tunamsomea hitima ya kutimiza mwaka.

Niseme kidogo alikuwa nani. Babu alitoka Mumias, Kenya, ng'ambo ya mpaka, mwanzoni mwa miaka ya 1950, akaja Jinja kumwaga zege kwenye ujenzi wa bwawa la Owen Falls, lile ambalo Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua tarehe 29 Aprili 1954 na ambalo leo linaitwa Nalubaale. Kazi ilipoisha wengine walirudi kwao. Yeye alibaki, na ndiyo maana Kiswahili ndicho lugha ya jikoni kwetu. Lusoga tulikipata mtaani na Luganda shuleni. Baba alizaliwa bwawa likiwa bado linajengwa. Mtoto wa kibarua akaja kuwa injinia wa bwawa lile lile.

Waliokuja kutupa pole mwaka jana waliirudia sana habari hiyo, na ni kweli. Lakini mimi naithamini zaidi njia iliyo katikati. Aliingia UEB, shirika la umeme la Uganda wakati ule, kama kijana wa kujifunza kazi, akifuta grisi sakafuni na kushika tochi huku wakubwa wakifunga nati. Usiku alisoma hesabu. Wakampeleka chuo cha Kyambogo, akarudi na karatasi yake, na alipopewa ofisi yenye kiti cha kuzunguka aliendelea kuvaa ovaroli. Aliifua mwenyewe kila Ijumaa jioni, kwenye karai lake la pembeni, kwa sababu hakutaka mafuta yale yaguse nguo zetu wala mikono ya Mama.

Saa moja na nusu asubuhi

Nimefungua karakana. Kazi yangu ni kusuka mota: zilizoungua zinaletwa hapa, tunatoa shaba ya zamani na kuweka mpya. Kijana ninayemfundisha ameshafagia, ameshatoa mota ya mashine ya posho kwenye tanuri la kukaushia. Ni ya hosipawa 15, ya mteja wa Njeru, ng'ambo ya mto, na aliniambia watu wamepanga foleni na mahindi yao tangu juzi. Iliungua kwa sababu ya kawaida kabisa. Fezi moja, yaani njia moja kati ya tatu za umeme unaoingia, ilikatika, mota ikaendelea kuvuta mzigo kwa fezi mbili zilizobaki, koili zikachemka hadi vanishi inayofunika waya ikawa mkaa.

Kabla ya kuifunga tunaipima kwa mega. Kifaa hiki kinasukuma volti 500 kwenye waya na kukuonyesha kama kuna umeme unaotorokea kwenye bodi ya chuma. Unapima kila fezi na bodi, kisha fezi kwa fezi. Kijana alipima, akaniambia, "Dada, iko sawa." Nikaenda nikapima tena mbele yake. Hakuwa amekosea, namba zilikuwa nzuri sana. Nilipima kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Baba alikuwa na swali moja tu kwa kila aliyemletea habari, awe fundi wa zamu au mtoto anayesema geti limefungwa: "Umeiona mwenyewe?" Hakuuliza kwa ukali. Ukisema ndiyo, aliamini moja kwa moja. Ukisema umeambiwa, alivaa viatu.

Saa nne

Chai na chapati, tukiwa tumesimama. Mezani kuna mota ya pili, ya pampu ya maji, na hapa ndipo somo lenyewe lilipo. Ukiwa na haraka unakata koili zote kwa patasi, unavuta, unatupa. Baadaye unakaa na chuma kitupu chenye mifereji 36, hujui kila koili ilikuwa na mizunguko mingapi, iliruka mifereji mingapi, waya ulikuwa mnene kiasi gani. Kwa hiyo kwanza tunaandika. Tunachora miunganisho. Tunatoa koili moja nzima na kuhesabu nyaya zake mmoja mmoja, tunachoma kipande kidogo ili vanishi itoke, kisha tunapima unene wa shaba kwa maikromita.

Kijana alihesabu mara ya kwanza akapata namba, mara ya pili akapata nyingine. Akaniangalia. Nikamwambia ahesabu ya tatu, polepole, akizitenga kumi kumi mezani. Baba alinifundisha hivyo hivyo barazani, nikiwa darasa la sita, kwa mota ndogo ya feni. Majirani walishangaa msichana anafundishwa mambo ya waya. Yeye alisema tu kwamba kidole cha msichana ni chembamba na kinaingia vizuri kwenye mifereji. Dada zangu nao walijua kubadili fyuzi kabla hawajajua kusuka nywele.

Saa saba na nusu mchana

Nimeswali, na mota ya posho imefungwa. Tumeiwasha bila mzigo. Nikaweka bisibisi kwenye beringi na mpini sikioni, nikasikiliza. Inaimba sawasawa.

Saa nane na nusu

Kwenye pikapu, kuelekea Njeru. Siku hizi tunapita daraja jipya lililofunguliwa Oktoba 2018, lile la nyaya, urefu wake mita 525. Ukigeuza macho unaliona bwawa. Dereva alitaka kuzungumzia bei ya mafuta, nami nikamwomba radhi, nikanyamaza hadi tukavuka.

Watu wengi wakiliona bwawa lile wanaona ukuta na maji. Mimi namwona Baba na vernia yake, kipimo chake cha kupimia nyufa. Zege la Nalubaale lina ugonjwa unaojulikana na mainjinia duniani kote. Kokoto zilizotumika hazipatani na saruji: unyevu ukipenya, humo ndani hutokea ute unaovimba, na zege linajitanua taratibu, mwaka hadi mwaka. Kwenye jengo la mitambo hilo ni zaidi ya nyufa za ukutani. Mashine zile ni za aina ya Kaplan, zenye mapanga yanayozunguka ndani ya pete ya chuma, na mwanya kati ya ncha ya panga na pete ni mdogo mno. Zege likisogea, pete inabanwa na kuacha kuwa duara kamili, na shafti inatoka kwenye mstari wake. Mashine 10, kila moja na ulemavu wake. Zilianza na megawati 15 kila moja, na matengenezo makubwa yakazipandisha hadi 18, jumla 180. Baba alikuwa mmoja wa waliokesha kwenye matengenezo hayo.

Nilimuuliza siku moja haoni uchovu kupima ufa ule ule, mahali pale pale, mwezi baada ya mwezi, wakati tofauti yenyewe haionekani kwa jicho. Akasema zege halipigi kelele, kwa hiyo lazima mtu alitembelee. Nafikiri hilo ndilo nililotaka kuandika leo kuliko yote. Alikuwa mtu wa kutembelea. Mama yake mzazi alipopooza alimtembelea kila siku kabla ya zamu, akamgeuza ubavu, akampaka mafuta mgongoni. Ada zetu alizipeleka shuleni kwa mkono wake kabla muhula haujaanza, akasubiri risiti, akaomba kuliona darasa tutakalokaa. Akitoka zamu ya usiku alipitia Masese kwenye mitumbwi, akaja na samaki, ngege wawili watatu wangali wabichi, akamkabidhi Mama ndipo akalala.

Tumeifunga mota, tumeunganisha, imeanza kusaga. Mwenye mashine alitaka kunilipa na kunipa debe la unga juu yake. Nikapokea unga kwa ajili ya leo. Alipojua ni hitima ya nani, alivua kofia. Kumbe mwaka wa mgao mkali wa umeme, 2006, ziwa lilipokuwa limeshuka, alikwenda kumlaumu Baba barazani kwetu kana kwamba yeye ndiye aliyezima. Baba alimkalisha, akamchorea kwenye karatasi jinsi kina cha ziwa kinavyoamua maji yanayoruhusiwa kushuka mtoni. "Niliondoka bado sina umeme," akaniambia, "lakini sikuwa na hasira tena."

Saa kumi na moja jioni

Nyumbani. Turubai limefungwa, mikeka imetandikwa, wajomba wameshika zamu ya masufuria. Shangazi ananikemea kwa kuja na mikono yenye vanishi. Nimeisugua kwa mafuta ya taa, kisha sabuni, nikavaa kanga.

Baada ya magharibi

Juzuu zimegawiwa, wanaume nje, sisi wanawake ndani, madirisha wazi. Baada ya dua, mzee mmoja aliyefanya kazi na Baba tangu ujana aliomba aseme. Alituambia habari ya Aprili 1979, wakati wa vita vya kumng'oa Idi Amin. Kampala ilikuwa imeshaanguka tarehe 11, na jeshi la Tanzania lilikuwa linakuja Jinja. Wengi walikimbia, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini mtambo wa maji haujui vita. Mzigo wa umeme unapanda na kushuka, mafuta ya beringi yanataka kuangaliwa, na asipokuwepo mtu kuna siku utajivunja wenyewe. Vijana wachache walibaki ndani, Baba akiwa mmoja wao, wakilala kwa zamu sakafuni na kula mihogo ya kuchemsha. Mama alikuwa hapa Walukuba na kaka yetu mkubwa mchanga mikononi, hana habari yoyote.

Tarehe 22 askari wakaingia. Baba alitoka mikono juu, akawasalimu kwa Kiswahili. Mkubwa wao akauliza nani anaendesha mashine. "Sisi hapa, afande." Akaulizwa wanahitaji nini. Wenzake walitegemea ataomba chakula. Aliomba ruhusa ya saa moja aende Walukuba kumwona mkewe na mtoto kwa macho yake, kisha arudi. Akapewa. Akarudi kabla ya saa kuisha.

Huko ndani wanawake wote walimgeukia Mama. Hakuwahi kutusimulia. Akasema, "Alikuja, akamshika mtoto, akanywa maji, akaondoka. Niseme nini zaidi?" Kisha akaniambia nikalete daftari.

Daftari lenyewe ni gumu, la jalada jeusi. Madaftari ya bwawani aliyaacha bwawani; hili ni la nyumba. Kila mtoto ana kurasa zake. Kuna urefu wetu kila Idi, kuna namba za risiti za ada, kuna chanjo. Kaka alilipokea nje, akafungua palipowekwa karatasi, akaanza kusoma ukurasa wangu wa mwaka nilipougua malaria kali: "Saa 2 usiku, 39.8. Saa 4, 39.6, ametapika dawa, amepewa tena. Saa 8, 39.1. Saa 10, 38.2, ameomba uji. Saa 12, 37.4, amekunywa kikombe kizima, amecheka." Hapo sauti ya kaka ilikatika, na yule mzee akalichukua daftari na kumalizia. Mimi nilikuwa nakumbuka homa ile kidogo tu, baridi na mkono juu ya paji la uso. Sikujua kwamba hakulala.

Saa nne usiku

Wageni wameondoka. Vijana wa bwawani wamebebeshwa mafurushi ya pilau kwa wenzao walio zamu, kwa amri ya Mama. Kijana wangu wa karakana amebaki kukunja turubai, na kesho tunaanza saa moja na nusu kama kawaida, pampu ile inangojewa.

Ndugu zangu walianza kubishana daftari likae kwa nani. Kaka alitaka kulipeleka Kampala likapigwe nakala. Mama akasema halitoki nyumba hii, anayelitaka aje asome hapa. Basi Jumamosi kaka analeta watoto wake wote. Watasimama mlangoni mmoja mmoja, watapimwa, na kila mmoja ataandikiwa ukurasa wake, maana kurasa tupu zimebaki nyingi. Kazi ya kuandika nimepewa mimi.